Nina Miaka 31: Je, Nimechelewa Kusomea Udaktari wa Wanawake?



Muhula uliopita, halaka ya kina dada ilipokwisha, dada mmoja alinisubiri mlangoni mpaka wenzake wote wakaondoka. Ana stashahada ya uuguzi na watoto wawili, na jioni anasoma shahada ya utawala hapa chuoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nina miaka 31. Nikianza udaktari sasa, si nitakuwa bibi ningali naitwa mwanafunzi? Lakini moyo wangu uko kwa wanawake wanaojifungua."

Aliniuliza mimi kwa sababu anajua kuwa niliingia shule ya udaktari nikiwa na miaka 32, baada ya kufanya kazi ya ukunga kwa miaka minane. Sasa niko mwaka wa nne. Nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Anza tu, Allah atafungua njia." Nilipofika bwenini nilijuta. Kutawakali ni wajibu, lakini kwanza ngamia afungwe kamba. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa, na nimeliandika kwa ajili ya wengine pia waliobeba swali kama lake.

1. Tuanze na hesabu

Hapa Uganda shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka mitano. Hufuata mwaka mmoja wa intani, ambapo daktari mpya hufanya kazi chini ya usimamizi katika wodi za wagonjwa wa ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Anayetaka kuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi huongeza miaka mitatu ya shahada ya uzamili.

Dada yetu akiingia mwaka ujao na miaka 32, atahitimu na 37 na kumaliza intani na 38. Katika miaka ya karibuni wapo wahitimu waliosubiri miezi kadhaa kupangiwa hospitali ya intani, kwa hiyo na aongeze muda kidogo. Akifanya kazi miaka miwili ili kukusanya ada, kisha akasomea ubingwa, atakuwa bingwa na miaka 43 hivi. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60. Inambakia miaka 17 ya ubingwa, na kabla ya hapo atakuwa amekwisha kuwatibu watu kama daktari wa kawaida. Tena miaka hiyo 43 ataifikisha hata asiposoma, Allah akimpa uhai.

Kwa hesabu hii, umri peke yake haufungi mlango. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama mlango huu ndio unaokupeleka unakotaka kwenda.

2. Usiku ulionipeleka shuleni

Nilikuwa mkunga katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Usiku mmoja aliletwa mama wa uzazi wa tano. Uchungu ulimwanza asubuhi, lakini nyumbani walimngoja mume arudi mjini ndipo waamue. Alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Tulimchoma sindano ya kukaza kizazi, tukakanda tumbo, tukamtundikia dripu. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na ilipita zaidi ya saa moja kabla ya kupata gari la mfanyabiashara mmoja. Tulipofika hospitali daktari alikuwepo, amekwisha kuvaa glovu. Hapakuwa na damu ya kundi lake, na mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Mama yule alifariki kabla ya adhana ya alfajiri.

Nilirudi nyumbani nikiapa kuwa nitakuwa daktari. Ilinichukua miaka kutambua jambo ambalo sasa nakuambia bila ya kuficha: usiku ule daktari hakukosekana. Walikosekana watu wengine.

3. Ucheleweshaji wa aina tatu

Tangu mwaka 1994 wataalamu wa afya ya uzazi wamekuwa wakitumia mfumo uliopangwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine kueleza kwa nini mama hufa. Wao walitaja ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama yule alipita katika yote matatu kwa usiku mmoja.

Nchi yetu imepiga hatua. Katika uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 336 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika ule wa mwaka 2022 vilishuka hadi 189. Hatua hiyo haikuletwa na madaktari peke yao, na kazi iliyobaki haitamalizwa na madaktari peke yao. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza "niwe daktari?" jiulize "ni ucheleweshaji upi unaoninyima usingizi?" Kila mmoja una watu wake.

4. Njia zilizopo

Udaktari na ubingwa. Hii ni njia ya anayevutwa na uamuzi mgumu na kazi ya upasuaji: kumzalisha mama kwa operesheni, kushona fistula, kuondoa uvimbe wa kizazi, kutibu ugumba na saratani. Vyuo vya umma vinavyofundisha udaktari ni pamoja na Makerere, Mbarara, Gulu na Busitema. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda nacho kina Shule ya Udaktari ya Habib, pale Kibuli. Aliyetoka kidato cha sita hutazamwa hasa alama zake za biolojia na kemia. Mwenye stashahada ya fani ya afya au shahada nyingine huomba kupitia mpango wa wenye stashahada au shahada, ambao nafasi zake ni chache na ushindani wake mkali. Masharti hubadilika, kwa hiyo pata tangazo la mwaka huu kutoka ofisi ya usajili, usitegemee maneno ya kantini.

Ukunga. Wengi huuona kama ngazi ya kupandia udaktari. Hilo ni kosa, nami nililifanya. Ukunga ni taaluma kamili, yenye cheti, stashahada, shahada na hata uzamili. Chuo Kikuu cha Lira kinatoa shahada ya ukunga, na Chuo Kikuu cha Aga Khan, Kampala, kimeweka masomo kwa ajili ya wauguzi na wakunga waliomo kazini. Tazama uzito wa kazi yao: mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika takriban hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliyejifungua aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupimia damu, na damu ilipozidi kiasi, matibabu yote yalitolewa kwa mkupuo mmoja badala ya moja baada ya jingine. Kutokwa na damu nyingi mno, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo, au kufa kwa sababu hiyo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Anayeikodolea macho mistari ile saa nane za usiku kwa kawaida ni mkunga.

Dawa ya usingizi na ganzi. Kituo cha afya cha ngazi ya nne kinatakiwa kiwe na chumba cha upasuaji, lakini chumba bila mtaalamu wa usingizi ni stoo yenye taa kubwa. Muuguzi kama dada yetu anaweza kusomea fani hii kwa muda mfupi kuliko udaktari. Kama ningejua usiku ule nilichojua baadaye, huenda ningechagua hapa.

Maabara, benki ya damu na picha. Damu haiji wodini yenyewe. Kuna wanaokusanya, wanaopima na wanaotunza. Wapo pia wapiga picha za ultrasaundi, ambao humwona mtoto aliyekaa vibaya wiki nyingi kabla ya uchungu.

Afya ya jamii. Hapa ndipo ucheleweshaji wa kwanza unapopigwa vita. Chukua saratani ya shingo ya kizazi. Chanjo ya kirusi kinachoisababisha ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kuwa, ifikapo mwaka 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Lengo la kwanza linahitaji mtu wa kukaa na wazazi wenye hofu, kwa lugha yao na kwa subira. Mwanamke mzima aliyekwisha kulea, tena anayeheshimika msikitini, husikilizwa haraka kuliko kijana wa miaka 24 mwenye koti jeupe. Hapa umri wako ni mtaji.

Nje ya hospitali pia pana kazi. Mwanasheria, mhasibu wa wilaya, mhandisi na mpangaji wa barabara wote wana mkono katika ucheleweshaji wa pili. Gari lile lisilokuwa na mafuta lilikuwa kosa la bajeti.

5. Mkunga aliyejenga hospitali

Edna Adan Ismail alizaliwa Hargeisa mwaka 1937. Alisomea uuguzi na ukunga Uingereza, akarudi kwao, baadaye akafanya kazi katika Shirika la Afya Duniani. Alipostaafu, wakati wenzake wanatafuta kivuli cha kupumzikia, yeye alitia akiba yake katika kiwanja kilichokuwa jalala la taka. Hospitali yake ya wazazi ilifunguliwa mwaka 2002, naye yumo katika miaka ya sitini. Imewatibu wanawake na kuwafundisha wakunga wengi. Mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Templeton.

Mama huyu Mwislamu, aliyepinga ukeketaji hadharani tangu miaka ya 1970, hakuwa daktari. Kawia ufike, walisema wahenga.

6. Upande wa dini

Imam Al-Ghazali, katika Ihya, aliihesabu tiba kuwa faradhi ya kutosheleza: wakiifanya wa kutosha, wengine husalimika, ikikosa mtu, mji wote una lawama. Alisikitika pia kuwa miji ya zama zake ilikosa tabibu Mwislamu huku wanafunzi wakisongamana katika mabishano ya fikihi. Zimepita zaidi ya miaka 900.

Tujihadhari na mambo mawili. Kwanza, tusiwatishe dada zetu kwa kuwaambia kuwa kutibiwa na daktari mwanamume ni haramu kwa hali yoyote. Wanazuoni wanamtanguliza tabibu wa kike anapopatikana, na wanaruhusu wa kiume panapokuwa na haja, kwa kufunua kiasi kinachohitajika tu. Mama anayevuja damu hapaswi kusubirishwa kwa ajili hiyo. Pili, hatuwezi kudai madaktari wa kike kwa wake zetu huku tukiwazuia mabinti zetu na wake zetu kusoma. Ndugu wa kiume, hili ni lenu pia: tangu nianze, mume wangu ndiye anayeamsha watoto kwa sahari na kuwapeleka shule nikiwa zamu. Bila yeye ningekuwa nimeacha mwaka wa pili.

7. Kabla ya kujaza fomu

Kwanza, omba ruhusa ukae wodi ya wazazi usiku mzima, ukitazama kila mtu na kazi yake. Mwisho wa zamu jiulize ulitamani kuwa nani.

Pili, andika gharama zote za miaka sita, si ada tu: nyumba, chakula, msaidizi wa watoto, na mshahara utakaoukosa. Kama ni mkopo, soma mkataba na umwonyeshe mwanazuoni unayemwamini.

Tatu, keti na mume au wazazi kabla ya kuomba nafasi, si baada ya kuipata. Zungumzeni zamu za usiku, mimba zinazoweza kuja, na wazee wanaohitaji kutunzwa.

Nne, tafuta mwanafunzi mmoja aliyeanza ukubwani na mwingine aliyeacha. Wa pili atakufundisha zaidi.

Tano, swali istikhara, kisha uchukue hatua moja iliyo wazi.

Mimi sijuti. Niligundua kuwa napenda chumba cha upasuaji, na mikono yangu imetulia kule. Lakini nilifika kwa bahati, baada ya kuusoma vibaya usiku ule. Wewe usome vizuri.

Dada yule nilimtafuta tena wiki mbili zilizopita, nikamweleza haya yote. Alinyamaza, kisha akaniuliza masomo ya dawa ya usingizi yanaanza mwezi gani. Tukaenda pamoja kuuliza.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Katika mtaa unaotoka, ni ucheleweshaji upi kati ya mitatu unaoua zaidi? Umejuaje?
2. Msikiti wenu unaweza kufanya nini kuhusu ucheleweshaji wa kwanza kabla ya Ramadhani ijayo?
3. Kama faradhi ya kutosheleza haijatimizwa wilayani kwenu, ni nani hasa anayebeba lawama?

Wabillahi tawfiq.