SOMO: KIYUNANI KIPI TUANZE NACHO?



Wainjilisti na vijana wanaojiandaa kwa masomo ya uchungaji hutuuliza: mtu anayetaka kujifunza Kiyunani cha kale aanze na kipi? Swali hili si dogo. Mwenye saa moja tu ya jioni, baada ya kazi ya shamba la migomba, akianza na kitabu kisichomfaa huchoka na kukiacha kabla hajasoma hata aya moja ya Injili.

Kwanza tufahamu kwamba Kiyunani hakikuwa cha namna moja. Hapa kwetu mtu wa Kiziba na mtu wa Ihangiro husikilizana, ila kila mmoja ana matamshi na maneno yake. Ndivyo walivyokuwa Wayunani. Kipo Kiyunani cha Homer, cha tenzi za Iliad na Odyssey, za yapata karne ya 8 kabla ya Kristo. Kipo Kiatiki, lugha ya Athene ya karne ya 5 na ya 4, aliyoiandika Plato. Kisha ipo Koine, maana yake "ya wote", iliyoenea baada ya vita vya Alexander Mkuu, aliyefariki mwaka 323 K.K. Kwa Koine liliandikwa Agano Jipya.

Walimu wengine hushauri kuanza na Kiatiki, na hoja yao ina nguvu. Aliyekijua Kiatiki huteremka kwenye Koine bila taabu; aliyeanza na Koine hupanda mlima akimfungua Plato. Kwa mfano, vitenzi vya Kiatiki vina umbo la kutakia linalotumika sana, lakini katika Agano Jipya halifiki mara 70. Twalikuta katika yale maneno ya Paulo, "me genoito", ambayo Biblia yetu huyatia kwa neno moja: "Hasha!"

Hata hivyo, kwa msomaji wa Biblia, ushauri wetu ni Koine. Agano Jipya lina maneno mbalimbali yapata 5,400, lakini 300 hivi yanayorudiwa mno hufanya karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno sita kila juma yatatimia 300 kabla ya mwaka kwisha. Baada ya alfabeti yenye herufi 24 na sarufi ya mwanzo, asome Waraka wa Kwanza wa Yohana, kisha Injili ya Yohana. Luka na Waebrania wangoje, maana lugha yao ni nzito.

Kuchagua kimoja si kudharau vingine. Kanisa letu lilikuwa na Maandiko kwa Kiunguja, kazi ya Askofu Steere na wenzake, na kwa Kimvita huko Mombasa. Biblia ya pamoja ya mwaka 1952 ilifuata Kiswahili sanifu, chenye msingi wa Kiunguja; hata hivyo, tenzi za Kimvita zasomwa mpaka leo. Paulo naye, aliposimama Athene, alitaja mstari wa mshairi Aratus, aliyetunga kwa lugha ya kufuata Homer.

Basi, aanzaye na ajiulize kwanza anataka kusoma kitabu gani. Kitabu hicho ndicho kitakachomchagulia lugha.

Maswali ya kujadili:
1. Soma Matendo 17:16–34. Kwa nini Paulo aliwatajia Waathene mashairi yao wenyewe?
2. Soma Warumi 6:1–2. "Hasha" yakataa jambo gani?