Jumanne: Vazi la Mtu Huru

Soma Luka 15:17–24. Kijana huyu alikusudia kuomba nafasi gani kwa baba yake? Mavazi aliyopewa yalimjibu nini?

Zamani za utumwa, hali ya mtu katika Mji Mkongwe ilitambulikana kwa nguo zake. Wanawake watumwa wengi walijifunga merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki. Watumwa kwa kawaida walitembea peku. Mwaka 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed iliondoa hadhi ya utumwa kisheria. Wanawake wengi waliopata uhuru waliiacha kaniki, wakajifunga kanga za rangi na maua, na baadaye wakavaa buibui. Mpita njia angeweza kuuita huo ubatili. Lakini kwa mtu ambaye nguo yake ilikuwa alama ya kumilikiwa, kanga ilitangaza: mimi si mtumwa tena.

Ndivyo moyo ulivyo. Tunapofungua kabati hatufikirii jua na mvua tu. Tunajiuliza pia watu watatuonaje. Kujiuliza hivyo si dhambi. Hatari iko katika kuiachia nguo ituambie thamani yetu.

Mwana mpotevu alikuwa tayari kuwa kama mtumishi wa mshahara. Baba hakumwacha afikie ombi hilo. Aliagiza joho, pete na viatu, vitu vya mwana wa nyumbani. Hata hivyo, angalia mpangilio: katika fungu la 20 baba alimkimbilia na kumbusu angali amevaa nguo alizotoka nazo kwa nguruwe. Alipokelewa kwanza, akavikwa baadaye.

Linganisha na Wagalatia 3:26–28. Paulo anasema waliobatizwa wamemvaa Kristo, kisha papo hapo anataja mtumwa na mtu huru. Mkristo huvaa kwa kiasi na kwa usafi kwa sababu hana tena la kuthibitisha kwa mavazi. Naye hawezi kuitumia nguo ya mwenzake kumpangia kiti cha kukaa (Yakobo 2:1–4).

Je, yuko mtu katika darasa lenu anayekosa ibada ya Sabato kwa kuionea haya nguo yake? Ni maneno au macho gani yetu yaliyomfikisha hapo? Mtafanya nini kabla ya Sabato ijayo?