Kutembea Montecatini Terme kwa mwendo wa maji

Anayekwenda Montecatini Terme, mji wa chemchemi za tiba katika mkoa wa Toscana, Italia, asianze matembezi saa sita mchana. Mji huu ulipangwa kwa ajili ya wagonjwa waliokunywa maji asubuhi kabla ya kula, kisha wakatembea taratibu bustanini huku maji yakifanya kazi tumboni. Ukifuata ratiba yao, utauelewa.

Panda treni ya Firenze kwenda Lucca ushuke kituo cha Montecatini Centro, si kile cha Montecatini Terme-Monsummano, kwani cha kwanza kiko karibu zaidi na katikati ya mji. Nenda Piazza del Popolo, kisha ushike barabara ya Viale Verdi. Jina hilo ni la Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera, ambaye uzeeni alikuwa akija hapa kunywa maji. Njiani ingia Palazzo Comunale, jengo la manispaa, utazame ngazi na dari ya vioo vilivyopambwa na Galileo Chini. Wengi hulipita.

Viale Verdi inaishia Terme Tettuccio, mojawapo ya majengo ya chemchemi. Hapa usikimbie. Katika miaka ya 1770 Pietro Leopoldo, mtawala wa Toscana, alianza kujenga mabafu mahali palipokuwa na kinamasi. Jengo la sasa ni kazi ya msanifu Ugo Giovannozzi, lililokamilika 1928. Katika ukumbi wa kunywea maji kuna michoro ya vigae ya Basilio Cascella, inayomfuata binadamu tangu utotoni hadi uzeeni. Simama mbele ya kila mchoro. Kwangu mimi, hakuna kitu kizuri kuliko michoro hiyo katika mji mzima. Kiingilio hulipiwa, na milango haifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya utalii. Baadhi ya majengo mengine ya chemchemi yamefungwa. Hayo utayatazama kwa nje tu.

Ukionja maji, onja kidogo. Yana chumvi na huendesha tumbo. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo amuulize daktari wake kabla.

Baada ya kuzunguka bustani, nunua cialde, kaki nyembamba za duara zenye lozi na sukari katikati, kisha nenda Viale Diaz. Hapo kuna treni ya kamba iliyofunguliwa 1898, yenye mabehewa mawili mekundu, Gigio na Gigia: mmoja akipanda, mwenzake anashuka. Inakupeleka Montecatini Alto, kijiji cha kale kilicho juu ya kilima. Angalia saa zake, maana husimama mchana na katika miezi ya baridi. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza. Njia za juu ni za mawe na zina miinuko mikali.

Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine 10 ya chemchemi za Ulaya. Kwa Italia ni huu peke yake. Kama una nusu siku tu, acha kilima kwa safari nyingine, wala usipunguze hata dakika moja ya Tettuccio.