Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati: Jinsi ya Kufuatilia Ukuaji Wake

Mtoto anayezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37 huitwa njiti. Katika mwaka wake wa kwanza ukuaji wake hufuatiliwa kwa karibu, na jambo la kwanza ni kujua umri wa kumpimia.

Umri uliorekebishwa
Mimba kamili huhesabiwa wiki 40. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 32 ametangulia kwa wiki 8, yaani karibu miezi 2. Akifikisha miezi 5 tangu kuzaliwa, ukuaji wake hupimwa kama wa mtoto wa miezi 3. Kwa hivyo mzazi asimlinganishe na mtoto wa jirani aliyezaliwa siku hiyo hiyo, wala asikimbilie kumpa uji kwa sababu anaonekana mdogo. Hesabu hii hutumika pia kutazamia lini ataketi au kutembea, hadi atimize miaka 2.

Chanjo hazifuati hesabu hii. Hutolewa kwa tarehe halisi ya kuzaliwa: wiki ya 6, ya 10, ya 14 na kuendelea.

Kinachopimwa kliniki
Mtoto hupimwa uzito, urefu na mzingo wa kichwa, na vipimo huandikwa katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Kipimo kimoja hakitoshi. Kinachoangaliwa ni mwelekeo wa mstari kwenye chati. Ukipanda sambamba na mistari ya chati ni dalili njema, hata ukiwa chini. Ukilala au kushuka, usipuuzwe kwa kusema "ni njiti tu." Huenda mtoto hanyonyi vya kutosha, ana maambukizi au amepungukiwa na damu. Kichwa kinachokua haraka kupita kiasi, au kisichokua, kichunguzwe na daktari.

Mzazi aulize pia kuhusu uchunguzi wa macho na masikio, na dawa ya kuongeza madini ya chuma.

Mpeleke hospitalini mara moja iwapo:
• anakataa kunyonya au anatapika kila kitu;
• anapumua kwa shida au kwa kasi;
• mwili una joto jingi au ni baridi;
• anapata degedege au amelegea.

Kabla ya kuondoka hospitalini baada ya kujifungua, mama ahakikishe wiki ambayo mtoto alizaliwa imeandikwa kijitabuni. Bila hiyo, mhudumu wa kliniki hawezi kurekebisha umri.