SOMO LA 14: ZEBAKI NA MTOTO ALIYE TUMBONI



Soma somo hili polepole. Kisha msomee jirani yako ambaye bado hajui kusoma.

Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, ina dhahabu. Watu wamechimba dhahabu huko tangu miaka ya 1920. Mkoa wa Iringa pia una wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyakavangala. Kazi hii inaleta riziki. Lakini mara nyingi inatumia sumu. Sumu hiyo ni zebaki.

Zebaki ni nini?

Zebaki ni madini ya majimaji. Hung'aa kama bati jipya. Mchimbaji huichanganya na mchanga wenye dhahabu. Zebaki na dhahabu hushikana na kuwa donge. Kisha donge huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke na kwenda hewani. Dhahabu hubaki.

Mvuke huo ni sumu. Huuoni, wala hauna harufu. Moshi wa kuni hukuchoma macho, nawe husogea. Mvuke wa zebaki haukuonyi.

Humfikiaje mtoto?

Mama akivuta mvuke huo, zebaki huingia mapafuni, kisha katika damu. Kondo la nyuma haliwezi kuizuia. Humfikia mtoto wakati ubongo wake unajengwa. Mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo ulioharibika. Anaweza kuchelewa kusema, kutembea na kuelewa. Hakuna dawa ya kuurudisha ubongo huo.

Zebaki ikiingia mtoni, hugeuka sumu kali zaidi na kuingia katika samaki. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga sumu hiyo baharini. Watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Baadhi ya akina mama walijiona wazima, lakini walizaa watoto walioharibika ubongo. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza zebaki. Mkataba huo unaitwa Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tufanye nini?

1. Mama mjamzito au anayenyonyesha asishike zebaki. Asikae panapochomwa dhahabu.

2. Baba, usichome dhahabu nyumbani. Mkeo asiyekwenda mgodini atavuta sumu jikoni mwake.

3. Chomeni mbali na nyumba. Tumieni chombo kilichofungwa, chenye bomba la kurudisha zebaki. Zebaki hiyo mtaitumia tena.

4. Sufuria ya kuchomea dhahabu isipikiwe chakula. Oga na ubadili nguo za kazi kabla ya kuingia ndani.

5. Usipake krimu za kujichubua. Baadhi yake zina zebaki.

6. Mama, ukienda kliniki, mweleze muuguzi kazi yako. Usione haya.

Huenda utasema, "Nikiacha kazi hii, watoto watakula nini?" Swali hilo ni la haki. Mama mmoja hawezi kulijibu peke yake. Kaeni katika kikundi chenu mpange. Mjamzito apewe kazi iliyo mbali na zebaki, kama kupika au kuuza chakula. Akimaliza kunyonyesha, mwenzake naye apewe nafasi hiyo.

Maswali

1. Kwa nini mtu hawezi kuutambua mvuke wa zebaki?

2. Zebaki humfikiaje mtoto aliye tumboni?

3. Je, mama anayejiona mzima anaweza kuzaa mtoto aliyedhurika? Eleza.

Jadilianeni

Katika kijiji chenu dhahabu huchomwa wapi? Nani hukaa karibu na hapo? Mtabadili nini kuanzia wiki hii?