SOMO LA MWEZI: MAISHA YA MWANACHAMA BAADA YA KUTIBIWA SARATANI YA TEZI DUME

Elimu ya ushirika kwa desturi huhusu mizani, vitabu vya hesabu, mikopo na malipo ya mazao. Hata hivyo, mali ya kwanza ya chama ni wanachama wenyewe, na wengi wa wenye hisa za miaka mingi ni wazee. Kwa sababu hiyo somo hili lahusu ugonjwa uwapatao wanaume wa umri huo, na hasa miaka ile inayofuata matibabu, ambayo watu huona haya kuizungumza.

Ugonjwa wenyewe

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, nacho huuzunguka mrija utoao mkojo. Saratani ya tezi hiyo huwapata zaidi wanaume waliopita umri wa miaka 50. Mwaka 2022 karibu wanaume milioni moja na nusu duniani waligunduliwa kuwa nayo. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi kuliko nyingine yoyote.

Ikigunduliwa mapema, ugonjwa huu si hukumu ya kifo. Nchini Uingereza wanaume 1,643, ambao saratani yao ilikuwa bado haijatoka nje ya tezi, walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba takriban watu 97 katika kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa nayo mwaka 1997, akaishi hadi mwaka 2021. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, akafariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 95. Basi kwa mtu aliyetibiwa mapema, miaka iliyobaki yaweza kuwa mingi, na hapana budi aijue namna ya kuiishi.

Mfano wa kujifunzia

Chukua mfano wa mzee wa miaka 63, mjumbe wa kamati ya chama cha msingi cha kahawa. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, na majirani wakashukuru. Baada ya hapo hakuonekana mkutanoni mara tatu mfululizo, wala hakutoa taarifa. Kwa mujibu wa masharti ya chama, katibu akaandaa barua ya kumwondoa katika ujumbe.

Hakuna aliyemwuliza sababu. Mzee huyo mkojo humtoka kila akohoapo au anyanyuapo kitu. Mkutano huchukua saa nne ghalani, na choo kiko mbali. Nyumbani amehamia chumba kingine, na mkewe adhani amechukiwa. Saratani imeondolewa, lakini mwenyewe amejiondoa katika nyumba yake na katika chama chake.

Mambo yanayobaki baada ya matibabu

Kwanza, mkojo. Upasuaji waweza kuidhoofisha misuli inayofunga njia ya mkojo. Kwa wengi hali hupungua katika miezi ya kwanza, ingawa kwa wengine hudumu miaka. Mazoezi husaidia: mtu hukaza misuli ile ile aikazayo atakapo kuzuia mkojo, huishikilia kwa sekunde chache, kisha huilegeza. Hurudia mara kumi hivi, mara tatu kwa siku, akiwa ameketi au amelala. Asiache kunywa maji kwa kuogopa kulowa, kwani mkojo mzito hukiudhi kibofu.

Pili, unyumba. Upasuaji, mionzi na dawa za kushusha homoni vyote vyaweza kupunguza nguvu za kiume. Hilo ni tokeo la matibabu. Halitokani na laana wala halimvunjii mtu heshima yake. Daktari anazo njia za kusaidia. Lakini vidonge visinunuliwe kiholela, maana mtu anayetumia dawa za nitreti kwa ajili ya maumivu ya moyo akivimeza, presha yake yaweza kushuka ghafla hata akafa. Zaidi ya dawa, mke aambiwe ukweli mapema, na ikiwezekana wafike kliniki pamoja.

Tatu, mifupa na mwili. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni ya kiume, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo maana wagonjwa wengine huchomwa sindano za kuishusha homoni hiyo, au huondolewa korodani. Lakini homoni ikishuka, mifupa hupungua nguvu, unene huongezeka, mwili hupata joto la ghafla, na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huzidi. Mtu wa namna hii atembee kila siku, afanye kazi za mikono kwa kiasi chake, ale dagaa, maziwa na mboga za majani, aache sigara, na apimwe presha na sukari.

Nne, huzuni. Mwanamume aliyezoea kuwa tegemeo la wengine huona vigumu kukiri kwamba amechoka au ana hofu. Akikosa usingizi, akikataa chakula au akijitenga, hiyo ni dalili ya kushughulikiwa kama dalili nyingine.

Ukaguzi haukomi

Kila mwanachama ajua kwamba hesabu za chama zikikaguliwa mwaka mmoja na kuonekana safi, mwakani hukaguliwa tena. Mwili nao ni hivyo. Kipimo cha damu kiitwacho PSA huonyesha kama saratani inarudi, aghalabu kabla mgonjwa hajahisi lolote. Mwanzoni hufanywa kila baada ya miezi michache, baadaye kwa nafasi ndefu zaidi, kama daktari atakavyopanga. Majibu yote yaandikwe katika daftari moja na kutunzwa.

Yako mambo yasiyongoja tarehe ya kliniki. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, au mkojo kuziba kabisa, ni sababu ya kwenda hospitali siku ile ile. Uti wa mgongo ukibanwa na kucheleweshwa, mtu aweza kupooza. Damu katika mkojo au choo nayo ielezwe kwa daktari bila kukawia.

Wajibu wa chama

Ni desturi njema ya wanachama kuchangia mazishi. Lakini mwenzao akikosa nauli ya kwenda kliniki, mara nyingi hakuna fungu la kumsaidia. Chama chaweza kutenga kiasi kidogo kwa kazi hiyo, kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Chaweza pia kujenga choo chenye maji karibu na ghala, kuweka mapumziko katika mikutano mirefu, na kumpa mgonjwa kazi ya kuandika badala ya kubeba magunia. Habari za ugonjwa wake zisisomwe mkutanoni pasipo ridhaa yake.

Katika mfano uliotolewa, katibu akiiweka barua yake kando na kwenda kumjulia hali mzee yule, chama hakipotezi hata senti moja, nacho chaweza kumrudisha mjumbe mwenye ujuzi wa miaka mingi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu hawezi kufichua maradhi mbele ya watu wasiokuwa tayari kumsikiliza.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Ni mambo gani manne yanayoweza kubaki baada ya matibabu?
2. Ni dalili zipi zinazompasa mtu kwenda hospitali siku ile ile?
3. Je, mwanachama mgonjwa aweza kuhudhuria mkutano wa chama chenu bila kuaibika? Kama sivyo, ni jambo gani litarekebishwa kabla ya mkutano ujao?