Darsa la Ramadhani, siku ya 12: Paka mzee naye ni wa nyumba



Leo tuwatazame wanaotuzunguka kimya kimya. Mwezi huu mikahawa ya Mji Mkongwe inafungwa mchana, na Forodhani hakuchomwi kitu mpaka jua lizame. Sisi tumenuia saumu, tunajua futari ipo. Paka wa vichochoroni aliyezoea kuokota mabaki hakunuia, ila njaa imempata. Kijana atakwenda kugombania utumbo wa samaki Malindi. Yule mzee aliyeng'oka meno, je?

Imepokewa kwamba Kabsha bint Kaab alimmiminia mkwewe Abu Qatada maji ya udhu. Akaja paka kutaka kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Kabsha akabaki kumtazama kwa mshangao. Akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu.

Hebu tulizingatie hilo. Hakutajwa kwa panya anaowakamata wala kwa uzuri wake. Ametajwa kwa kuwa yumo pamoja nasi. Basi akizeeka, kisha panya wanampita mbele ya macho, bado ni wa nyumba.

Sisi lakini tunafanyaje? Kitoto cha paka kila mtoto anakitaka. Akishakuwa mkubwa na kuanza kuumwa, anatiwa ndani ya kikapu, anakwenda kuachwa sokoni. Hapa Unguja wapo ZAASO wanaopokea paka na mbwa wasio na wenyewe. Ukenda pahala kama hapo kutafuta paka, usimpite yule mzee aliyelala pembeni. Huyo hana faida ya dunia ya kukupa, na hapo ndipo ikhlasi inapopimika.

*Ukimchukua, mjue haki yake:*

1. Mpeleke kwa daktari wa mifugo atazamwe meno na figo, apate na chanjo ya kichaa cha mbwa.
2. Mpe samaki wa kuchemsha, laini, bila ya miba wala chumvi. Mchuzi wa futari usimpe, kitunguu na thomu ni sumu kwake. Maziwa nayo huwaharibu matumbo paka wengi wakubwa. Maji yasikosekane, usiku na mchana.
3. Ngazi za nyumba zetu za mjini ni kali. Muwekee chakula, maji na karai la mchanga sakafu ile ile anayolala. Mama mjamzito asilisafishe karai hilo, afanye mwengine.
4. Siku za mwanzo atajificha uvunguni. Usimvute. Mwache, atatoka mwenyewe akishakuamini, hata ikipita wiki mbili tatu.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Kosa lake halikuwa kutofuga. Alimfanya kiumbe amtegemee yeye peke yake, kisha akamsahau.

Kwa hivyo usimchukue kwa huruma ya Ramadhani ukamfungia Sikukuu unapokwenda shamba. Jiulize kwanza: nikisafiri, nani atamlisha? Kama jawabu huna, usimchukue. Weka bakuli la maji barazani kwako kila asubuhi, na la chakula jioni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa katika kila chenye uhai mna ujira.

*La kufanya leo:* kabla ya adhana ya Magharibi, ukipanga tende na maji, jaza na bakuli moja la maji uliweke nje ya mlango.

Ewe Mola wetu, turehemu tukiwa na nguvu, na uturehemu siku tutakapokuwa wazee tusio na faida kwa mtu. Amin.

Mtumie na jirani yako. Saumu njema.